Gunia la Mwenye Hayuko

Baraka, tarehe 3 mwezi wa tatu, 2024

Baba Riziki,

Salaam. Naandika kwa karatasi juu simu imetushinda. Juzi tuliongea dakika kumi na moja: saba tulikuwa tunaulizana "unanisikia?", nne tulikuwa tunagombana. Karatasi haikatiki, na huwezi kuniingilia maneno. Divine wa sekretaria, pale banapochapa karatasi, atapiga picha kila ukurasa na kukutumia siku rezo ya simu itakubali. Na we ujibu vile vile, kwa mukono wako, nione kama uliandika ukiwa umetulia.

Nina swali moja. Huu ni mwaka wa saba tangu uliondoka kwenda kusoma mawe Ubelgiji kwa miaka miwili. Miwili iliisha. Ukasema umepata kazi kwa kampuni inayotaka kuchimba mawe ya angani, yale yanayozunguka jua kama nzi kwenye nyama, na kwamba utarudi siku kampuni itafanya safari ya kwanza na kuona faida. Nilisema sawa. Mi ni mutu wa biashara, kungoja nakujua. Lakini kila kitu ninachongoja hapa kiko na tarehe. Hata mushahara wa bawalimu, vile unachelewa, uko na mwezi wake. Sasa nauliza sawa mununuzi: ile biashara italipa lini? Sina haja na habari za nyota. Nataka nihesabu tarehe yako.

Unanijua. Nilianza na bidon mbili za maji mugongoni, pale juu ya Misisi kwenye mashimo ya dhahabu, maji ya faranga mia kwenye mto, elfu moja kwenye shimo. Leo nanunua dhahabu, nina mizani, nina duka la bati. Hakuna mutu aliyenipa. Ndugu zako walisema mwanamuke kwenye mashimo atapotea. Wiki hii ndio hao banakuja kuniomba sukari ya Ramadhani, na hakuna aliyesema alikosea. Kwa hiyo usinijibu sawa mutu anayebembeleza mutoto.

Nimeweka dola elfu sita pembeni. Kama kinachochelewesha safari ya kwanza ni makuta, sema, nitaingiza. Unionyeshe hesabu tu.

Shimo letu liko salama. Gunia lako la hamsini na saba nimeshalifunga. Desturi najua hujasahau: kila shimo likitoa, gunia moja la mawe linawekwa kwa mwenye hayuko, linafungwa kamba, na hakuna wa kulifungua mupaka mwenyewe asimame mbele ya kinu. Yako yote yako nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Bajirani banafikiri nataka kujenga.

Riziki ana miaka kumi na moja. Anajipima kwa magunia yako. Amepita manne yaliyopandana.

Bushira


Liège, 17 Machi 2024

Mama Riziki, mke wangu,

Nimesoma kurasa zako mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nafuturu peke yangu kwa mkate na supu ya kopo. Ramadhani ya huku haina sauti. Hakuna hata mtu wa kugombana naye juu ya mwezi kuandama.

Umeuliza kama mnunuzi, nitakujibu kama fundi. Mawe yanayopita karibu na dunia ambayo wataalamu wameyaandika ni zaidi ya elfu thelathini. Mengine ni udongo mweusi wenye maji ndani yake. Mengine ni chuma, na ndani ya chuma hicho kuna platini. Kuna wanaokadiria kwamba jiwe moja lenye upana kama kutoka soko la Baraka mpaka ziwani linaweza kuwa na platini ya mabilioni ya dola. Lakini wenye akili hawaanzi na platini. Wanaanza na maji.

Sikiliza. Kupandisha kilo moja ya kitu chochote kutoka ardhini mpaka pale karibu angani ni kama dola elfu mbili na nusu, tena hiyo ni bei iliyoshuka. Kufika mbali zaidi, zidisha mara nyingi. Maji yakitenganishwa yanakuwa mafuta ya roketi. Basi atakayeyapata huko huko juu atawauzia wanaopita, bila kuyapandisha. Ni bidon zako, Bushira. Mia moja kwenye mto, elfu moja kwenye shimo. Nilipowaeleza wenzangu hapa habari za bidon zako, waliielewa biashara yao wenyewe kwa mara ya kwanza.

Lini? Kwa makampuni makubwa, miaka kumi, labda kumi na mitano. Sisi wadogo tunauza vipimo na mahesabu kwa wakubwa, yetu inaweza kulipa mapema. Tuvumilie. Dola zako elfu sita ziache zilipo, usiziingize. Nakuomba.

Jérémie, yule mwalimu wa kwaya, jirani yako, alikuja huku na kanisa lake na anarudi wiki ijayo. Atakuletea kitu kidogo ndani ya karatasi ya chokoleti. Kimetoka mbali kuliko mimi. Kaa nacho.

Mikono inaniuma siku hizi, ndiyo maana mwandiko umekuwa mbaya. Mwambie Riziki anipimie urefu wake kwa sentimita. Magunia siwezi kuyaona.

Wako,
Mahmudu


Baraka, tarehe 6 mwezi wa tano, 2024

Baba Riziki,

Utakuwa umesikia ziwa limepanda. Bamama ba samaki banauza wakisimama ndani ya maji mupaka magoti. Maji yalipofika kwenye kizingiti chetu nilikodi batu batano tukahamia kwa dada, juu ya barabara. Tulibeba kwanza magunia yako, kisha mizani, kisha vitanda. Godoro la Riziki liliachwa la mwisho, likalowa. Alikasirika, akaniuliza kama mawe yanaharibika na maji. Nikaenda kulianika godoro.

Sasa hesabu zako. Kiswahili chako kimekuwa cha redio, lakini nimeelewa yote.

Divine alinitafutia kwenye simu. Bamarekani walituma chombo kwenye jiwe moja la angani, la aina ile nyeusi. Kilienda, kikachota, kikarudisha mzigo, miaka saba. We kwenda tu umemaliza saba. Walipofungua walipima gramu mia moja ishirini na moja na kitu, tola kumi na kidogo kwa mizani yangu. Ingekuwa dhahabu safi, kwa bei ya Baraka ya wiki hii ningewapa dola elfu nane. Wao walitumia zaidi ya bilioni moja. Njiti moja ya kiberiti, ile tunayoweka kwenye mizani kupima sehemu ya kumi ya gramu, imewagharimu zaidi ya dola laki nane. Najua walienda kusoma, hawakuenda kuuza. Lakini ndiyo bei ya njia. Hata hapa, dhahabu haijawahi kuwa shida. Shida ni barabara.

Ile platini ya mabilioni wanaihesabu kwa bei ya leo. Siku ndagala zimejaa kwenye nyavu, beseni la elfu sitini linashuka mupaka elfu ishirini kabla ya saa nne asubuhi. Nani atamwaga platini ya dunia nzima sokoni na akute bei ikimungoja palepale?

Na bidon zangu uziache. Mi niliuza maji juu kwa sababu kulikuwa na batu mia tatu wenye kiu. Huko kwenu nani iko na kiu? Hujanitajia muteja hata mumoja. Mwenye maji anangoja roketi zije kununua, mwenye roketi anangoja maji yawepo ndipo aje. Wote babili banangojana, kila mumoja anasema mwenzake ndiye anachelewa. Hiyo hali naijua.

Sikatai kwamba italipa. Italipa kwa yule anayeweza kulisha bachimbaji miaka thelathini kabla ya mwamba kuonekana. Sisi tulilisha bachimbaji miezi kumi na nne na ilibaki kidogo niuze mulango wa nyumba.

Sasa nije kwenye kampuni yako. Mwaka 2021, mwezi wa tano, ulinipigia ukifurahi kwamba mumepewa euro laki sita. Ulisema muko batu tisa. Nikaweka kila mutu elfu tatu na mia tano kwa mwezi, pamoja na kodi za serikali, nikaongeza elfu mbili za kukodi biro, ile ofisi yenu. Hiyo ni elfu thelathini na tatu na mia tano kila mwezi. Gawanya. Ni miezi kumi na nane. Kwa hesabu yangu makuta yaliisha mwezi wa kumi na moja, 2022. Tangu hapo munakula nini? Na kwa nini ulikataa elfu sita zangu? Mi sijaona mutu wa biashara anayekataa makuta ya mutu anayemwamini. Anayekataa, biashara haiko.

Nijibu hilo.

Kitu chako Jérémie alileta. Nilikipima: gramu sita na njiti mbili. Cheusi sawa makaa, laini. Hukuandika bei, na kwetu jiwe likija kwa mununuzi bila bei, maana yake ni: pima. Nikalitwanga kwenye kinu cha chuma, nikaliosha kwenye karai mara mbili. Dhahabu hakuna, hata ya kudanganyia jicho. Yote yameenda na maji. Bora ujue.

Bushira


Liège, 12 Mei 2024

Bushira,

Lile jiwe halikuwa la kupima.

Ulikosea mwezi mmoja tu. Tulifunga Desemba 2022. Tulikuwa tisa na tulidai mishahara ya miezi miwili, na kwenye akaunti hapakuwa na kitu. Mkubwa wetu alikuwa na jiwe moja lililoanguka kutoka angani, lilikaa ndani ya kioo pale mlangoni ili wageni waone. Alilileta mezani, akalivunja vipande tisa, akatupimia. Alikuwa analia. Kipande changu, kwa watu wanaokusanya mawe hayo, kilikuwa na bei ya euro elfu mbili na mia saba, kikiwa kizima. Wenzangu wanane waliuza wiki ile ile. Mimi nilikataa kukiuza hata mwezi niliokula mkate mtupu, kwa sababu kilikuwa kitu pekee nilichopata huku ambacho kinashikika. Nilitaka ukishike.

Tangu hapo ninapanga vifurushi kwenye depo ya uwanja wa ndege. Vinatoka pande zote za dunia na kwenda pande zote. Nimeshika maelfu kwa maelfu. Nasoma anwani za kila kimoja, ni tabia imeniingia, na sijawahi kuona hata kimoja kilichoandikwa Baraka.

Yale niliyokuandikia juu ya maji na platini si uongo. Ni hesabu tulizokuwa tunaonyesha wenye pesa. Uongo ni pale niliposema "sisi".

Karatasi zangu za kukaa huku zinafuata kontra ya kazi. Nikitoka, sirudi. Na kila nilipotaka kutoka niliona uso wa ndugu zangu, na wako. Tiketi ya kuja ulinikatia wewe, kwa dhahabu yako. Nirudi na nini, vifurushi? Ulikuwa unaniandikia kwenye simu habari za gunia la hamsini na tano, la hamsini na sita, na mimi nasema, huyu mwanamke ananijazia fungu langu kila mara na mimi sina hata jiwe la kumrudishia. Nilipopata mtu wa kumtumia lile moja, nililituma.

Siandiki kwa kukulaumu. Labda nakulaumu kidogo.

Mahmudu


Baraka, tarehe 30 mwezi wa sita, 2024

Baba Riziki,

Ni wiki saba tangu barua yako. Divine alianza kuniuliza kama tumeachana.

Nilirudi pale nilipomwaga maji ya kuosha, chini ya mupapai wa dada, nikachota udongo karai nne, nikauosha tena polepole. Nimepata unga mweusi wa njiti moja. Sijui kama ni jiwe lako ama ni masizi ya jiko la dada. Nimeufunga kwenye karatasi ile ile ya chokoleti na kuuweka ndani ya kisanduku cha mizani. Miaka yote hii nimenunua mawe kwa batu wa kila aina, na hakuna siku nilitwanga kitu bila kuuliza mwenyewe anataka nini. Kwako sikuuliza. Nilikuwa na hasira, nikaona mume wangu amenitumia jiwe mahali pa tarehe.

Sasa mi pia nina la kusema, na bora nilisemee hapa kuliko ulisikie kwa Alphonse. Unamukumbuka, yule mukubwa wa bachimbaji betu. Shimo liliingia maji mwezi wa tisa, 2021. Alphonse alileta pampu mbili, moja ikaungua, ya pili ilikuwa inatoa ndoo na mulima unarudisha mbili. Tuliacha. Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi, lakini shimo limekufa. Gunia lako la mwisho la kweli ni la thelathini na nane. Kuanzia la thelathini na tisa mupaka la hamsini na saba nilikuwa nakuandikia namba. Magunia kumi na tisa ya maneno.

Usiniulize kwa nini, nitakuambia mwenyewe. Niliogopa kwamba siku utajua shimo limekufa, utaona hapa hakuna kinachokungoja. Mutu anaweza kusahau muke. Fungu lake hasahau. Nilifikiri hivyo. Nikawa nakuongezea gunia kila ukikawia kupiga simu.

Kwa hiyo tuhesabu. We umenidanganya miezi kumi na saba. Mi nimekudanganya miezi thelathini na miwili. Deni liko kwangu, na mi sipendi kulala na deni.

Ziwa limerudi nyuma kidogo, tumerudi nyumbani. Ukuta wa chumba cha Riziki umeandikwa na maji mupaka kiuno. Magunia thelathini na nane yako mahali pake, chini ya turubai. Hayo ni ya kweli, Alphonse aliyashuhudia moja moja. Ndani yanaweza kuwa na gramu hamsini. Yanaweza kuwa changarawe ya kumwaga kwenye njia ya choo. Nimekaa nayo miaka saba na hata mi, ambaye naangalia jiwe na kukuambia bei, sijui. Hayo ndiyo mawe yako ya angani. Yako mbali na we kuliko yale mengine, na nauli yake ni ndogo.

Desturi inanikataza kuyafungua bila neno lako. Basi uniandikie neno moja kati ya mawili. Ukiandika "Twangeni", nitatwanga mbele ya Alphonse, fungu lako nitakutumia huko mupaka njiti ya mwisho, na tarehe sitauliza tena maisha yangu yote. Ukiandika "Usifungue", nitaelewa.

Usiniandikie lingine. Hesabu za maji na platini nimeshasoma.

Riziki ana sentimita mia moja arobaini na sita.

Bushira


Liège, 21 Julai 2024

Mama Riziki,

Usifungue.

Ulisema nisiandike lingine, lakini utataka tarehe. Kontra nimeivunja. Tiketi nimeikata kwa pesa ya vifurushi, ya kwenda tu, mpaka Bujumbura, Ijumaa tarehe 9 Agosti. Jumamosi navuka mpaka na kulala Uvira. Jumapili napanda gari la kwanza, na njia ikikubali, mchana nitakuwa nimepita Lusenda, nakaribia nyumbani.

Sina zawadi. Nina begi moja la kilo ishirini na tatu na mikono iliyojifunza kubeba. Ndugu zangu usiwaambie. Wataniona sokoni.

Naogopa, Bushira. Jiwe la angani likiingia kwenye hewa ya dunia linaungua sehemu kubwa, linafika dogo. Nilifundishwa hilo darasani nikaandika kwenye daftari bila kufikiri.

Mahmudu


Baraka, tarehe 28 mwezi wa saba, 2024

Baba Riziki,

Jumatatu tarehe 12, saa mbili asubuhi, nyuma ya nyumba. Nimekodi mashini ya kutwanga kwa siku moja. Mwenye nayo ameshika nusu ya makuta na hairudishwi. Alphonse atakuwa shahidi. Kamba ya gunia la kwanza utaikata we mwenyewe, kisu nimekinoa.

Riziki ameandika namba upya kwa chaki, moja mupaka thelathini na nane, juu maji yalifuta zile za zamani. Anauliza kama utamutambua. Nimemwambia utamutambua, kisha nikaenda jikoni.

Yakiwa changarawe, njia ya choo inahitaji changarawe.

Barua hii usiijibu.

Bushira